Meno Kutoboka na Kuzibwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo sisi tunaotibu meno huulizwa karibu kila siku, kwenye kiti cha matibabu, kwenye benchi la kusubiria, na hata harusini mtu anapotuvuta kando na kufungua kinywa. Pale ambapo jibu fupi lingepotosha, tumejibu kwa kirefu. Jambo moja litajirudia, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu meno mengi kuliko yote: mgonjwa huhesabu ugonjwa tangu siku maumivu yalipoanza, ilhali siku hiyo jino huwa limekwisha kuugua kwa miezi mingi, pengine kwa miaka.

Je, ni kweli kwamba jino hutobolewa na mdudu?

Mdudu anayetafuna jino kama fukusi anavyotafuna mahindi hayupo. Imani hiyo ni ya kale sana na si ya kwetu peke yetu. Wababeli waliiandika kwenye vigae vya udongo, na ilienea Uhindi, China na Ulaya. Tabibu wa Kifaransa Pierre Fauchard, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1728, alieleza kwamba alichunguza meno yaliyooza kwa hadubini na hakumwona mnyoo hata mmoja. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya utafiti wake Berlin, alionyesha kwamba jino huharibiwa na asidi inayotengenezwa na bakteria wa kinywani wanapokula mabaki ya chakula.

Watu wengi husema kwamba waliona kitu cheupe chembamba ndani ya jino lililong'olewa, wakaamini kuwa ndicho mdudu mwenyewe. Kitu hicho ni kiini cha jino, yaani nyama laini yenye neva na mishipa ya damu, ambayo ni sehemu ya mwili wako kama ulivyo ulimi. Hata hivyo, neno tunalolitumia hospitalini, "vijidudu", si la uongo. Vimo kweli, ila havionekani kwa macho, na havitoki kwa kufukizwa dawa.

Basi tundu hutokeaje?

Jino lina tabaka tatu. Juu kabisa kuna enameli, kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, hata kuliko mfupa. Chini yake kuna dentini, ambayo ni laini kidogo na ina vijitundu vidogo mno vinavyoelekea ndani. Katikati kuna kiini chenye neva.

Juu ya meno hujengeka ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi unapoamka asubuhi. Ndani ya ukoga wanaishi bakteria, na anayetajwa zaidi katika ugonjwa huu ni Streptococcus mutans. Unapokula au kunywa kitu chenye sukari, au wanga uliosagwa laini kama wa biskuti na mkate mweupe, bakteria hao hula pamoja nawe na kutoa asidi ndani ya dakika chache. Kiwango cha pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) kwenye ukoga kikishuka chini ya takriban 5.5, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kuyeyuka na kutoka kwenye enameli. Baada ya nusu saa hadi saa moja hivi, mate huizimua asidi hiyo na kuyarudisha baadhi ya madini mahali pake.

Kwa hiyo jino linabomolewa na kujengwa kila siku, na tundu ni matokeo ya hesabu ambayo kubomolewa kumezidi kujengwa kwa muda mrefu. Jambo hili linastahili kueleweka vizuri, kwa kuwa ndilo linaloeleza kwa nini ugonjwa huu unaweza kuzuiwa, na kwa nini unaweza hata kurudishwa nyuma kabla enameli haijabomoka.

Mimi sili peremende wala chokoleti. Kwa nini meno yangu yanatoboka?

Hili ndilo swali ambalo huwa tunalijibu kwa swali: unakunywa chai mara ngapi kwa siku, na kwa vijiko vingapi vya sukari?

Bakteria hawajali kama sukari imetoka kwenye peremende ya dukani au kwenye kikombe cha chai ya maziwa ya nyumbani. Kinachodhuru zaidi ni idadi ya mara ambazo jino hukutana na sukari kwa siku, kuliko jumla ya sukari yenyewe. Mtu anayekula kashata tatu kwa mkupuo mmoja baada ya chakula cha mchana huwa ameliweka jino lake katika asidi mara moja. Mwenzake anayekaa na chupa ya soda kwenye meza ya kazi na kupiga funda moja kila robo saa huwa ameliweka jino katika asidi tangu asubuhi hadi jioni, bila kuyapa mate nafasi ya kufanya kazi yake. Hali ni hiyohiyo kwa dereva anayemung'unya ubuyu wa sukari safari nzima, na kwa mama muuza duka anayeonja chai yake kidogo kidogo mpaka inapoa.

Asali, juisi ya miwa, juisi ya matunda iliyokamuliwa na tende zinazonata kwenye magego zote ni sukari mbele ya bakteria. Muwa wenyewe ukitafunwa humfanya mtu atoe mate mengi, lakini hilo haliuondolei utamu wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati mtu anayoipata kwa siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na inafaa zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Soda moja ya nusu lita huweza kuzimaliza gramu hizo 50 peke yake.

Ushauri wetu haumnyimi mtu chai. Kunywa chai yako pamoja na chakula, punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili hadi ulimi uzoee, na kati ya mlo na mlo kunywa maji.

Nitajuaje kwamba jino limeanza kuharibika?

Dalili ya kwanza haiumi. Ni doa jeupe lisilong'aa, kama chaki, ambalo mara nyingi huonekana karibu na ufizi au kwenye mabonde ya gego. Doa hilo baadaye huweza kuwa la kahawia, kisha enameli ikabomoka na tundu likaonekana. Uozo ukifika kwenye dentini, maji baridi na vitu vitamu huanza kushtua jino, lakini mshtuko hupita mara tu kilichousababisha kinapoondoka. Maumivu yanayobaki kwa dakika nyingi baada ya chai ya moto, au yanayomwamsha mtu usiku bila sababu, humaanisha kwamba kiini chenyewe kimevimba. Maumivu hayo yakikoma ghafla bila matibabu, mgonjwa hushukuru na kuahirisha safari ya hospitali, kumbe mara nyingi kiini kimekufa na maambukizi yanaendelea kimyakimya kuelekea kwenye mfupa.

Si kila weusi ni tundu. Mstari mwembamba wa kahawia kwenye bonde la gego unaweza kuwa rangi ya chai au sigara. Kwa upande mwingine, tundu lililo kati ya jino na jino halionekani kwenye kioo hata kidogo, na ndiyo sababu daktari huomba picha ya eksirei.

Je, tundu linaweza kupona bila kuzibwa?

Doa jeupe linaweza kupona. Likisafishwa kila siku kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi, na sukari ikapunguzwa, madini hurudi kwenye enameli na ugonjwa husimama. Tundu lililokwisha bomoka, hata hivyo, halizibiki lenyewe, kwa kuwa enameli haina chembe hai za kuijenga upya kama ngozi inavyojenga kovu. Hakuna dawa ya mitishamba, mafuta, wala unga wowote unaoweza kuliotesha jino lililobomoka, na anayekuuzia ahadi hiyo anakupotezea muda ambao jino lako halina.

Kuziba jino hufanywaje, na kunauma?

Daktari huanza kwa kukuuliza historia ya maumivu, kulichunguza jino na kulipiga picha inapohitajika. Kama uozo umeingia ndani, utachomwa sindano ya ganzi, kwa kawaida ya lidokaini. Baada ya dakika chache mdomo utakufa ganzi. Utasikia kusukumwa na mtetemo, lakini hupaswi kusikia maumivu. Ukiyasikia, inua mkono. Usivumilie kwa aibu, kwa sababu ganzi inaweza kuongezwa, na mgonjwa anayevumilia leo ndiye anayekimbia miadi ya kesho.

Kisha uozo huondolewa kwa mashine ndogo inayozunguka kwa kasi huku ikimwaga maji ili jino lisipate joto, au kwa vifaa vya mkono. Siku hizi hatuchimbi kila kilicho laini. Karibu na kiini ni heri kuacha safu nyembamba ya dentini iliyoathirika na kuifunika vizuri kuliko kukifichua kiini kwa kutafuta usafi kamili, kwa sababu bakteria waliofungiwa bila chakula hudhoofika.

Tundu likishakuwa safi na kavu, hujazwa dawa ya kuzibia na kuchongwa lifuate umbo la jino. Mwishoni utaombwa uume karatasi ya rangi, ili daktari aone mahali kizibo kilipozidi kimo. Jibu kwa ukweli unapoulizwa kama meno yanakutana sawasawa. Kizibo kilichozidi hata kwa unene wa karatasi chache kinaweza kukufanya ushindwe kutafuna wiki nzima. Kazi yote kwa jino moja huchukua takriban nusu saa hadi saa moja.

Ganzi hudumu kwa saa mbili au tatu baadaye. Katika muda huo usitafune, wala usinywe chai ya moto, na mtoto aangaliwe asije akauma mdomo wake mwenyewe.

Dawa za kuzibia ziko za aina gani?

Zinazotumika zaidi ni tatu.

Amalgamu ndiyo ile yenye rangi ya fedha ambayo wazee wetu wengi wanayo. Ni mchanganyiko wa zebaki, ambayo ni karibu nusu ya uzito wake, pamoja na fedha, bati na shaba. Ni imara sana kwenye magego, na inavumilia unyevu wakati wa kuwekwa, lakini haifanani na jino, na ili ishike hulazimu kuchonga sehemu ya jino ambayo bado ni nzima. Huchukua takriban siku nzima kukomaa.

Kompositi ni resini iliyochanganywa na chembechembe za kioo, yenye rangi ya jino. Hugandishwa kwa taa ya bluu na kunata kwenye jino, hivyo daktari huchonga kidogo tu. Mahitaji yake ni makali: jino lazima liwe kavu kabisa, na mate yakiingia wakati wa kuiweka, kizibo hakitadumu.

Aina ya tatu, glasi aionoma, tungependa kuizungumzia zaidi, kwa kuwa historia yake inatugusa. Ni saruji inayonata kwenye jino yenyewe na kutoa floraidi kidogo kidogo, ingawa haina nguvu kama zile mbili za kwanza na huchakaa mapema kwenye matundu makubwa. Katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, madaktari waliokuwa katika mpango wa huduma ya msingi ya kinywa wa shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken, walikabiliwa na hali iliyojulikana na kila mtu: kijijini hakuna umeme, hakuna maji ya bomba, mashine haifanyi kazi, na mgonjwa hana njia nyingine isipokuwa kung'olewa. Wakaanza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono peke yake na kuziba jino kwa saruji inayonata. Njia hiyo iliendelezwa kwa utafiti Thailand na Zimbabwe, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Leo inatumika duniani kote, hata katika nchi zenye umeme wa kutosha, hasa kwa watoto na wazee, kwa sababu haina kelele za mashine na mara nyingi haihitaji sindano. Mwaka 2021 glasi aionoma iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtu anayeambiwa kwamba kuziba jino ni huduma ya mjini na ya wenye fedha anapaswa kujua kwamba mojawapo ya njia bora za kuziba jino ilianzia katika zahanati zetu.

Nina amalgamu kinywani. Je, zebaki itanidhuru? Niiondoe?

Kizibo kizima cha amalgamu hutoa mvuke wa zebaki kwa kiasi kidogo sana, na ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba humdhuru mtu kwa jumla. Kukiondoa kizibo kizima ndiko kunakotoa mvuke mwingi zaidi, pamoja na kupunguza jino lenyewe, kwa hiyo hatushauri kukiondoa ikiwa hakijavunjika na hakina uozo chini yake.

Amalgamu inaachwa taratibu hasa kwa sababu ya mazingira. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi yake, na mwaka 2022 wanachama walikubaliana isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15 wala kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuitumia, isipokuwa kwa sababu maalumu za kitabibu, kuanzia tarehe 1 Januari 2025.

Daktari ameniambia jino langu halizibiki tena. Ana maana gani?

Ana maana kwamba uozo umefika kwenye kiini, na kulifunika tundu kwa juu kungekuwa sawa na kufunga kidonda chenye usaha. Hapo hubaki njia mbili. Ya kwanza ni matibabu ya mzizi: kiini kilichooza huondolewa, mifereji ya ndani ya mzizi husafishwa na kujazwa, kisha jino huzibwa au kuvikwa taji, yaani kofia ngumu inayolifunika lote. Ya pili ni kung'oa.

Matibabu ya mzizi huogopwa kuliko yanavyostahili. Hufanywa kwa ganzi, na maumivu ambayo watu huyasimulia mara nyingi ni yale waliyokuja nayo. Gharama yake ni kubwa kuliko ya kuziba, na hilo hatuwezi kulificha. Jino lililozibwa mapema lingemgharimu mgonjwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Uliza kabla ya kuanza kama bima yako inalipia, na utahudhuria mara ngapi.

Kung'oa ni rahisi na nafuu. Kwa nini nisiling'oe tu?

Kuna meno ambayo kung'oa ndiyo tiba yake sahihi, na daktari atakueleza. Hata hivyo, pengo lina gharama zake. Meno ya jirani huinama kuliingilia, jino la upande wa pili hushuka au kupanda kwa kukosa la kukutana nalo, chakula huanza kunasa mahali ambapo hakikuwa kikinasa, na matundu mapya hujitokeza hapo. Mtu aliyeng'oa magego mawili ya upande mmoja huanza kutafunia upande mwingine, na miaka michache baadaye hurudi akilalamikia upande huo. Ukihesabu na meno ya bandia yatakayohitajika, unafuu wa siku ile huwa umekwisha.

Karafuu husaidia? Na vidonge je?

Karafuu hutuliza kweli. Mafuta yake yana yujenoli, inayotia ganzi kidogo, na madaktari wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Bibi wa Pemba anayekuambia uweke karafuu kwenye tundu hakosei. Kosa ni kudhani umepona kwa sababu umetulia. Mafuta yasiyochanganywa pia huunguza ufizi yakiwekwa mengi.

Kwa maumivu, parasetamoli au ibuprofeni kwa kipimo kilichoandikwa zitakusaidia kufika hospitali. Aspirini humezwa, haiwekwi juu ya ufizi, ambako huacha kidonda cheupe cha kuungua. Maji ya betri, mafuta ya taa na ugoro visikaribie kinywa chako. Viuavijasumu navyo havitibu jino lililotoboka, kwa kuwa dawa haifiki ndani ya kiini kilichokufa, na kununua dozi nusu dukani kila jino linapouma hujenga usugu wa vijidudu utakaokudhuru siku utakapozihitaji dawa hizo kwa ugonjwa mwingine.

Iwapo uso umevimba, hasa chini ya taya, ukawa na homa, ukashindwa kufungua kinywa, kumeza mate au kupumua vizuri, usisubiri kliniki ya asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maambukizi ya jino yanaweza kuua, na huua watu ambao wangeweza kuokolewa.

Meno ya utoto yatang'oka yenyewe. Kuna haja gani ya kuyaziba?

Mtoto ana meno 20 ya utoto, na magego ya mwisho kati ya hayo hukaa hadi umri wa miaka 10 au 12. Mtoto wa miaka minne mwenye tundu ana miaka sita au zaidi ya kulitumia jino hilo kula, kulala na kusoma. Jino likiuma, mtoto hali vizuri, halali vizuri, na darasani hasikii anachofundishwa. Aidha, jino la utoto hulishikia nafasi jino la ukubwani. Likitoka mapema, linalofuata huota limepinda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto milioni 514 duniani wana matundu katika meno ya utoto.

Kuna jino moja ambalo wazazi hulipoteza bila kujua. Karibu na umri wa miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, huota gego kubwa bila jino lolote kung'oka. Kwa kuwa halikuchukua nafasi ya jino jingine, mzazi hulidhania kuwa la utoto na kuliacha lioze, kumbe ni la kudumu na ndilo litakalobeba kazi kubwa ya kutafuna maisha yote. Mwoneshe daktari mara linapoota. Mabonde yake yanaweza kufunikwa kwa utando wa kinga kabla hayajaoza.

Usimlaze mtoto na chupa ya maziwa yenye sukari, uji au juisi, kwa sababu mate hupungua usingizini na utamu hukaa kwenye meno usiku kucha. Anza kumpiga mswaki jino la kwanza linapoota, kwa dawa yenye floraidi ya kiasi cha punje ya mchele hadi afike miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kutulia, daktari anaweza kupaka dawa ya fedha na floraidi inayosimamisha uozo bila kuchimba. Itaacha weusi mahali palipooza, na mzazi aelezwe hilo mapema.

Mtoto wangu anaharisha na nimeambiwa ana "meno ya plastiki". Je, yaondolewe?

Yasiondolewe. Vinavyoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni, ni vichipukizi vya meno ya kawaida ambayo bado hayajaota. Kuvichimbua kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli kumewaua watoto kwa kutokwa na damu na kwa maambukizi, na wanaopona huota meno yenye kasoro au hukosa chonge maishani. Kuhara na homa vina sababu nyingine zinazotibika. Mpe mtoto maji ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya.

Meno yetu huku Arusha ni ya kahawia tangu utotoni. Yameoza?

Mara nyingi hayajaoza. Katika Bonde la Ufa, kuanzia Arusha, Manyara na Kilimanjaro hadi Nakuru nchini Kenya, maji ya chini ya ardhi katika maeneo mengi yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiona kuwa kikomo. Mtoto anayeyanywa maji hayo meno yake yanapojengeka ndani ya taya, hadi karibu miaka minane, huota meno yenye madoa, na magadi ya kulainishia maharage huongeza floraidi hiyo. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuichuja kwa mkaa wa mifupa, na maji ya mvua hayana tatizo hilo.

Madoa ya mtu mzima hayarudi nyuma, lakini yanaweza kufunikwa kwa kompositi. Tena meno yenye madoa huweza kuoza kama mengine, kwa hiyo aliye nayo asiache kuyapiga mswaki kwa kukata tamaa.

Mswaki wa mti unatosha?

Mswaki wa msuaki au mwarobaini ukitafunwa ncha vizuri na kutumiwa kwa uangalifu huondoa ukoga. Upungufu wake ni kwamba haufiki kwa urahisi nyuma ya magego, na hauna floraidi ya kutosha. Anayeupenda auendeleze, na usiku kabla ya kulala atumie pia dawa ya meno yenye floraidi, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ibaki ikifanya kazi.

Nina mimba. Naweza kuzibwa jino?

Ndiyo, na usingoje kujifungua. Miezi mitatu ya kati ndiyo yenye nafuu zaidi ya kukaa kwenye kiti, lakini maumivu na uvimbe hutibiwa wakati wowote. Mtoto tumboni hachukui kalsiamu kwenye meno ya mama. Yanayoharibu meno wakati huo ni kutapika, kula kidogo kidogo mara nyingi, na kuacha kupiga mswaki kwa kichefuchefu. Ukitapika, sukutua kwa maji kwanza na usubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Nimezibwa jana na jino bado linashtuka. Ni kawaida?

Kushtuka kwa baridi kwa siku chache, hata wiki mbili, ni kawaida, hasa tundu likiwa lilikuwa kubwa. Likiuma unapotafuna tu, huenda kizibo kimezidi kimo; rudi kipunguzwe, ni kazi ya dakika tano. Maumivu yanayozidi siku hadi siku, au yanayokuja usiku, yanahitaji kuchunguzwa upya.

Kizibo kitadumu muda gani, na kikitoka nifanye nini?

Kompositi na amalgamu zilizowekwa vizuri huweza kudumu miaka 10 na zaidi. Glasi aionoma kwenye gego lenye tundu kubwa hudumu muda mfupi zaidi. Uozo unaweza kuanza tena ukingoni mwa kizibo, kwa hiyo jino lililozibwa husafishwa kama lile lisilozibwa.

Kikitoka, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, tafunia upande mwingine, na umwone daktari ndani ya siku chache hata kama hakuna maumivu. Usikirudishe mwenyewe kwa gundi ya dukani. Kama kimetoka kizima, kichukue uende nacho, kwa kuwa namna kilivyovunjika humwonyesha daktari sababu ya kutoka kwake.